Wembe wa kukunja, wembe wa kinyozi au kishikio: upi unamfaa mtu wa Lamu?

Vijana wanaouliza habari za wembe wa kukunja wameongezeka hapa mjini. Wameziona video: mwanamume ana povu zito usoni, ukanda wa ngozi unaning'inia ukutani, wembe mrefu unateremka shavuni bila pupa, kisha mtu anajifuta uso na kwenda zake. Hamu hiyo naielewa. Ila video nyingi za namna hiyo zimepigwa mahali ambapo maji ya bomba ni matamu na upepo hauna chumvi. Sisi tuko kisiwani. Chuma ambacho kwa mtu wa Ujerumani hurithiwa na mjukuu, kwetu Langoni kinaweza kushika kutu kati ya Ijumaa hii na ijayo.

Basi nalinganisha vyombo vitatu: wembe wa kukunja, wembe wa kinyozi na kishikio cha wembe. Zile za plastiki za kutupa nimeziacha makusudi. Anayezipenda hahitaji ushauri wa mtu. Na niseme mapema msimamo wangu: kwenye kunyoa kwenyewe vyombo hivi havipishani sana. Kila kimoja kikiwa na makali, na mkono ukiwa umezoea, uso hutoka laini. Vinapishana baada ya kunyoa, pale unapotaka kuvaa kanzu utoke, na chombo bado kinakudai.

Vyenyewe

Wembe wa kukunja ni bapa moja la chuma, makali yake yana urefu wa sentimita 7 hivi, linalojikunja na kulala ndani ya mpini. Mgongo ni mnene, na mbavu zimechimbwa kwa ndani hadi karibu na makali chuma kinakuwa chembamba mno. Hautupwi, ukisenea unanolewa. Upana wake hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, na anayeanza hufaa achukue wa 5/8 au 6/8, yaani kama milimita 16 au 19. Mwembamba zaidi ya hapo unayumba, mpana zaidi unaziba macho unapofika chini ya pua. Ncha iwe ya mviringo. Ile ncha kali ya pembe mraba waachie waliokwisha kuzoea, maana ndiyo inayochoma sikio kabla hujajua imefika. Miji iliyojenga jina kwa nyembe hizi ni Sheffield ya Uingereza, Thiers ya Ufaransa na Solingen ya Ujerumani. Jina la Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, kwa hiyo likigongwa kwenye shina la wembe halali lina maana yake.

Wembe wa kinyozi una umbo hilohilo, ila hauna makali yake wenyewe. Unachukua wembe wa dukani, Nacet au mwingine wowote, unauvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unatia nusu moja kwenye mdomo wa chuma na kubana. Ndio huo unaouona kila kibanda cha kinyozi kuanzia Mkomani hadi Mokowe.

Kishikio ni kile cha kizamani cha chuma chenye mpini mfupi na kichwa cha kufungua kwa kuzungusha. Wembe mzima unalala ndani, unachungulia pande mbili tu, na chuma cha kichwa kinakuwekea mpaka. King C. Gillette wa Marekani alianzisha kampuni yake mwaka 1901 na kupata hataza mwaka 1904, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Wembe unaoingia humo una unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Babu zetu wengi walikuwa nacho kimoja ndani ya kopo, pamoja na burashi iliyochakaa.

Maji kwanza

Kwa vyote vitatu, nusu ya kazi inafanyika kabla wembe haujagusa uso. Unywele mkavu ni mgumu. Ukiloweshwa kwa maji ya moto dakika mbili au tatu unalainika na kukatika bila kuvutana. Waliosema mwenzako akinyolewa zako tia maji walikuwa wanazungumzia mambo mengine, lakini kwa kinyozi pia wamesema kweli.

Taabu yetu ni maji yenyewe. Maji ya visima vingi hapa yana chumvichumvi, na sabuni haitoi povu ndani yake: inaganda, inakuwa utando wa kijivu unaokauka usoni kabla hujafika kidevuni. Kama nyumba yenu ina jabia la maji ya mvua, chota kikombe kimoja, kinatosha. La huna, tumia ya kunywa. Watu hununua sabuni ya ghali kutoka Mombasa wakidhani yao ni mbovu, kumbe kilichohitajika ni kikombe cha maji matamu. Na maji hayohayo ndiyo ya kusuuzia wembe mwishoni, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Mkono unajifunza nini

Kishikio ndicho rahisi. Kichwa kimeshapangwa pembe, kazi yako ni kuifuata na kutokandamiza. Uzito wa chuma unatosha. Wanaojikata kwa kishikio karibu wote ni wale waliozoea plastiki, wanabonyeza kama wanafuta kibao. Wiki chache tu na umemaliza kujifunza.

Wembe wa kukunja na wa kinyozi vinataka mikono miwili. Mmoja unashika, mwingine unavuta ngozi, na huu wa kuvuta ndio wenye kazi kubwa zaidi. Bapa linalala karibu na ngozi, kisha linainuliwa kidogo, kama digrii 30. Likilala zaidi ya hapo linavuta nywele bila kukata, likisimama zaidi linakwangua ngozi. Vuta vipande vifupi, na wembe usiende kwa ubavu hata mara moja: makali yakisogea kwa urefu wake, kama kisu kinavyopita kwenye samaki, ndipo damu inapotoka. Anza na mashavu tu, kutoka kwenye nywele za mbele ya sikio kwenda chini, na sehemu nyingine malizia kwa chombo ulichozoea. Kidevu na chini ya taya viache hadi mkono uache kutetemeka. Hakuna aliyesema lazima uso wote unyolewe kwa chombo kimoja siku ya kwanza.

Hapa kuna jambo ambalo sikubaliani na ushauri unaotolewa kila mahali. Watu wanaambiwa: anza na wembe wa kinyozi, ni rahisi kwa bei, ukishaweza ununue wa kukunja. Kwa bei ni sawa. Kwa mkono si sawa. Ile nusu ya Nacet ni kali kuliko wembe wa kukunja ulionolewa vizuri, nyembamba, na pembe zake mbili ziko wazi bila mviringo wowote. Kosa dogo la pembe ambalo wa kukunja ungelisamehe, huu unakuandikia usoni. Wa kukunja una uzito unaotuliza mkono, na unasema nawe: makali yakiwa mahali pake unasikia mkwaruzo mdogo wa nywele zikikatika, yakipotea sauti inanyamaza. Wa kinyozi uko kimya. Nimeona vijana waliojikata kwa wembe wa kinyozi wakaapa hawatagusa wembe wa kukunja maisha yao, na hawajawahi hata kuushika.

Ila kwa kazi moja wembe wa kinyozi hauna mpinzani, nayo ni kuchonga ndevu. Wanaume wengi hapa hawanyoi uso mzima. Ndevu zinaachwa, masharubu yanapunguzwa, mashavu na shingo vinasafishwa ili mstari ukae sawa. Bapa lake jembamba linakuonyesha mstari ulipo, na kazi yote ni dakika tano. Kishikio kinaziba mstari kwa kichwa chake kipana. Utaishia kula ndevu ulizotaka kuziacha.

Na kwa zile nywele nyingine za Sunna, za kwapa na za kinena, ambazo hadithi imeweka mpaka wa siku arobaini, chukua kishikio au mashine ya umeme na usitafute ushujaa. Kichwa pia, ukijinyoa mwenyewe: huoni kisogo chako. Kichwa cha mtoto siku ya saba ya akika kiachiwe mkono uliozoea, na wembe uwe umefunguliwa kwenye karatasi hapohapo.

Vipele

Hili halimo sana kwenye video za wenzetu, na kwetu ndilo linalowafanya watu wengi waache kunyoa kabisa. Nywele za kujipinda zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake iliyochongoka inarudi kuingia ndani wakati wa kuota, na ngozi inavimba kuipinga. Shingo inajaa vipele, baadhi vinaacha madoa. Zile za plastiki zenye nyembe tatu au tano ni mbaya zaidi kwa mtu wa aina hii kwa sababu wembe wa mbele unavuta unywele juu na wa nyuma unaukata, kisha unywele unazama chini ya ngozi.

Wembe mmoja, basi, ni nafuu, na vyombo vyote vitatu hapa vina wembe mmoja. Lakini kuna mgongano ambao wauzaji wa nyembe za kukunja hawautaji. Mwenye vipele anashauriwa asiivute ngozi sana anaponyoa, ili unywele usikatwe chini ya usawa wake. Wembe wa kukunja hauwezi kufanya kazi bila ngozi kuvutwa. Ukiiacha imelegea utakata mkunjo. Njia ya kati ipo: vuta kiasi cha kulainisha mkunjo tu, pita mara moja kufuata nywele zinakolala, na kurudi kinyume usahau kabisa. Uso hautakuwa kama kioo, na ndivyo inavyotakiwa. Kabla ya hapo pitisha vidole shingoni ukiwa mkavu ujue nywele zinalala upande gani, kwa sababu kwa watu wengi hazilali upande mmoja: kulia zinashuka, kushoto zinakwenda kwa ubavu, karibu na koo zinapanda.

Ukiniuliza, mwenye vipele vya kawaida achukue kishikio. Hakidai kuvuta ngozi kwa nguvu, na wembe wake ukiwa mpya hauvuti nywele. Mwenye mabaka magumu yanayokua kisogoni au kidevuni asichukue hata kimoja kati ya vitatu hivi. Mashine ya umeme inayoacha milimita moja, na miadi ya daktari wa ngozi.

Ngozi na jiwe

Sasa tumefika kwenye wembe wa kukunja hasa, maana hapa ndipo mwenyewe wa wembe huu anapopatikana au anapokimbia.

Kuna mzee mmoja kinyozi, kibanda chake kiko kwenye kichochoro kinachopanda kutoka ufuoni, ana wembe wa kukunja wa mpini wa pembe umetundikwa juu ya kioo. Umejaa vumbi. Nilimuuliza, "Ami, mbona huu huutumii?" Akaendelea kuvunja Nacet kwenye karatasi yake, tak, akasema, "Mwanangu, huu unataka mtu mmoja na uso mmoja. Mimi nina nyuso za mji mzima."

Amesema kweli kwa njia mbili. Kwanza afya: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na wembe uliogusa damu haufai kwenda kwa mtu wa pili. Nusu mpya kwa kila mteja ndiyo dawa, na wewe mteja una haki ya kuiona ikivunjwa mbele yako. Wembe wa kukunja ni wako peke yako. Asikuazime ndugu, usimwazime rafiki. Njia ya pili ni muda. Wembe huu unadai kazi kila siku, na hakuna kinyozi mwenye foleni anayeweza kuulipa.

Kazi ya kila siku ni kuupitisha kwenye ukanda. Watu huita hivyo kunoa, lakini ukanda hauondoi chuma kwa kiasi cha maana. Unanyoosha na kusafisha makali yaliyopinda pinda baada ya kukutana na nywele. Ukanda una pande mbili, kitambaa na ngozi. Ukutani unafungwa ncha moja, nyingine unaishika na kuivuta iwe imenyooka bila kukazwa mno. Unalaza wembe bapa kabisa, mgongo na makali vyote vimegusa, kisha unasukuma mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuviringisha juu ya mgongo, mgongo hauondoki kwenye ngozi, na unarudi. Ukiugeuza juu ya makali umekata ukanda na umeharibu wembe kwa mkupuo mmoja. Mara 20 hivi kwenye kitambaa, mara 40 au 50 kwenye ngozi, polepole. Mwendo kasi wa kinyozi wa sinema ni wa sinema. Kanda zote za wanaoanza zina mikato, kwa hiyo wa kwanza usiwe wa ghali.

Ukanda huu hauhitaji kuagizwa. Fundi viatu anaweza kukukatia kipande cha ngozi ya ng'ombe kilicho laini upande wa nje, upana sentimita 6 au 7, urefu nusu mita, bila rangi ya kung'arisha. Ngozi nene ya milimita 2 au 3 inafaa. Kwa upande wa kitambaa tunacho ambacho wenzetu wanakinunua: maradufu ya pamba, ile ya matanga. Omba kipande kwa mafundi wa majahazi wa Matondoni, lakini kiwe kipya. Kipande cha tanga lililokwisha safiri kina mchanga na chumvi, na chembe moja ya mchanga inatosha kutoa pengo kwenye makali. Kifue kwa maji matamu, kikauke, kipige pasi.

Halafu jiwe. Kwa anayenyoa kila siku, ukanda peke yake utamtosha miezi miwili au mitatu, kisha wembe unaanza kuvuta na haupati tena. Hapo ndipo kinoo. Mawe hupimwa kwa namba ya ulaini: 1000 kwa kutengeneza makali upya, 4000 na 8000 kwa kulainisha, 12000 au jiwe la asili la Ubelgiji kwa kumalizia. Wembe ulio salama haurudi kwenye 1000. Unaguswa tu kwenye jiwe la mwisho. Habari njema ni kwamba pembe haihitaji kukisiwa kama ya kisu, kwa sababu imo kwenye umbo. Unalaza wembe bapa juu ya jiwe, mgongo ukigusa, na unene wa mgongo kwa upana wa bapa unakupa pembe ya kama digrii 16 hadi 18 wenyewe. Jiwe linaloweshwa maji. Safari hii makali ndiyo yanayotangulia, kinyume na kwenye ukanda. Hakuna kukandamiza. Maji mbele ya makali yakianza kupanda juu ya bapa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, makali yamekaa.

Mahali ambapo wembe unakufa hapa kwetu ni patatu. Kinoo cha jikoni kinachonoa visu vya samaki: kimechimbika katikati kama mtumbwi, na wembe unataka jiwe lililonyooka kabisa. Fundi anayezunguka na gurudumu: moto wa gurudumu unaondoa ugumu wa chuma na hakuna jiwe litakaloweza kuurudisha. Na rafiki mwenye nia njema. Wachongaji wa milango wana mawe mazuri ya kunolea patasi, na ukiwa na adabu mchongaji atakuazima, lakini mengi ni ya hatua ya kwanza tu. Wembe uliotoka hapo utakata unywele wa mkono na bado utakuchubua uso.

Kwenye kishikio na wembe wa kinyozi sehemu hii yote haipo. Wembe ukisenea, unatupwa. Nusu ya wembe wa kinyozi hukaa kunyoa mara moja hadi tatu, wembe mzima wa kishikio mara tatu hadi saba kwa kutegemea ugumu wa ndevu. Tafadhali usitupe jaani. Punda wetu wanakula kila kilichoko pale, na watoto wanapita bila viatu. Toboa tundu jembamba kwenye kopo la maziwa, tumbukiza humo, kopo likijaa liponde mdomo.

Chumvi

Chuma cha kawaida cha wembe wa kukunja, kile kinachonoleka vizuri, kinashika kutu kirahisi, na chumvi inaharakisha. Kutu inayokuharibia si ile unayoiona kwenye bapa, hiyo inasuguliwa. Ni ile ya kwenye makali yenyewe, isiyoonekana kwa jicho, inayokula ule wembamba uliopatikana kwa saa nzima ya jiwe. Kwa hiyo: suuza kwa maji matamu, futa kwa kitambaa kikavu kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, pitisha mara chache kwenye upande wa kitambaa wa ukanda, uache wazi upigwe na hewa ya chumbani. Bafuni usiuache. Usiku, au ukijua hutautumia kesho, tone la mafuta ya cherahani pande zote mbili na kwenye msumari wa kukunjia, ambapo maji hujificha. Mafuta ya kupikia mengi huganda na kunata yakikaa; haya ya cherahani hayafanyi hivyo.

Usiuweke kwenye mfuko wa ngozi hata kama umekuja nao. Ngozi inakaa na unyevu. Boksi la bati lenye vile vipakiti vya chembechembe vinavyotoka kwenye boksi la viatu ni bora. Wakati wa kaskazi unaweza kuzembea kidogo. Masika, na kusi inapopuliza kutoka baharini, siku moja ya uvivu inaonekana. Mwenye nyumba Shela karibu na ufuo achukue wa chuma kisichoshika kutu, akubali kwamba utamsumbua zaidi kwenye jiwe.

Kishikio nacho kina lake. Cha shaba nyeupe au shaba nyekundu kilichopakwa krome, au cha chuma kisichoshika kutu, kitakuzika. Vile vya bei ya chini vina kichwa cha aloi ya zinki: mipako ikichubuka mahali pamoja, chumvi inaingia chini yake na kichwa kinaota malengelenge. Fungua kichwa baada ya kunyoa, suuza, tikisa, basi. Dakika moja.

Pesa

Nitapita haraka. Watu wanasema wembe wa kukunja ni akiba kwa sababu hununui tena. Hesabu hiyo inasahau ukanda, mawe, na mara nyingi mawe yanazidi bei ya wembe. Paketi za Nacet hazijawahi kumfilisi mtu. Anayetaka akiba achukue kishikio na amalize.

Nani achukue upi

Anayenyoa uso wote kabla ya kazi, asiye na hamu ya ufundi: kishikio, bila mjadala. Mwenye vipele: kishikio. Mwenye ndevu anayetaka mstari tu: wembe wa kinyozi, au kinyozi mwenyewe, anajua kazi yake. Baharia au anayelala nje wiki kwa wiki: kishikio tena, kwa sababu wembe wa kukunja ndani ya jahazi ni kulisha kutu.

Wembe wa kukunja nampa mtu ambaye ile dakika ya ukanda inampendeza zaidi ya kunyoa kwenyewe. Yupo. Utamjua kwa visu vya nyumbani kwake: vinapata, na havijawahi kulala vichafu. Huyo atakuwa na wembe utakaomfuata miaka, na ndiye peke yake ambaye nitamshauri atumie pesa.

Akinunua, ajihadhari na nyembe za mapambo zinazouzwa mtandaoni, zenye mpini wa maua na joka. Zina umbo la wembe, chuma chake ni laini, na hazishiki makali kwa jiwe lolote. Wa mitumba wa zamani kutoka Sheffield au Solingen huwa bora kuliko mpya wa bei hiyohiyo, lakini atazame makali dhidi ya mwanga atafute mapengo, atazame mgongo kama umelika upande mmoja, na aogope mpini wa seluloidi wa zamani uliobadilika rangi na kunuka kali, maana mvuke wake unakula chuma kilicholala ndani yake. Amuulize muuzaji kama wembe umenolewa tayari kwa kunyoa. Mwingi wa dukani huja na makali ya kiwandani yasiyotosha uso. Na akiubeba kutoka Nairobi, uwe kwenye begi la chini ya ndege. Kwenye mkoba wa mkononi utabaki na askari wa ukaguzi, na mnunuzi atafika uwanja wa ndege wa Manda na mpini wa burashi tu.